Mkono wa Nane

Mikono haikuzama. Udongo uliyeyuka, uso wa Durga, mungu wa kike wa Wahindu, ukalainika, ukatoweka, lakini mikono minane ya bati ilibaki ikielea juu ya bwawa la Igombe, mfano wa zile ndoo zangu nilizozoea kuzisifia sokoni kwamba hazivuji.

"Fundi Lukumani," Hansa akasema, "umeitia lehemu mno."

Lahaula! Kosa la fundi bati hilo, hakuna mwingine wa kulifanya. Wiki tatu kabla binti huyu wa Kihindi alikuja kibandani kwangu Mtendeni na gunia la makopo matupu, ya maziwa, ya biskuti, ya kahawa. Alisomea uchongaji Bombay. Mungu wake wa kike angeshika tochi, soda, redio, jembe, badala ya silaha.

"Usifute picha wala rangi," aliniagiza.

Basi mtoto wa kopo la maziwa akawa anacheka begani mwa mungu. Baba yake Hansa alipomwona, aligeuza uso. Mimi nilisema astaghfirullah, kisha nikarudi kumtazama tena na tena.

Ulikuwa mwaka ule majumba yalipotaifishwa. Ghorofa yao ilikwenda, duka likafungwa, wakakata tiketi za treni.

"Siku ya kumi ya sikukuu yake anarudi kwake, majini," Hansa alinieleza. "Kikibaki kipande, hajaondoka. Siwezi kumwacha hapa peke yake."

Nikaingia majini na msumari, nikatoboa mkono mmoja mmoja. Kila mmoja ulitoa mapovu, ukazama. Nilingoja moyo uniume, haukuuma. Nilimpenda binti yule, sikuwahi kumwambia, na saa tisa treni ingemchukua. Mkono wa nane, ule wa redio, nilimpa Hansa mgongo nikauchomeka ndani ya matete.

"Yote minane?" akauliza kutoka ukingoni.

"Minane."

"Asante, Fundi. Sasa naweza kwenda."

Akaenda. Hajarudi, wala barua. Mimi, mjinga, nilidhani nikimzuia mungu wake, binti naye atabaki.

Mkono niliurudia matetini, na uko rafuni mpaka leo. Wateja wakiuliza bei, nawaambia una mwenyewe. Jana nilichukua msumari, nikauweka juu ya bati, nikainua nyundo. Kisha nikaurudisha msumari koponi, nikaendelea na ndoo ya watu.