Binti wa Dong-pil

Siku ya Chuseok, sikukuu ya mavuno ya Wakorea, baada ya jamaa kufanya ibada ya wahenga na kula, babu alimwita Ye-dam akae karibu naye. Miaka sita mtoto alikuwa Auckland, New Zealand, akisoma, yeye na mama yake Myeong-suk, huku baba yake Dong-pil amebaki peke yake Namwon, Korea; sasa walikuwa wamerudi.

"Haya, wewe ni nani?" mzee akamuuliza, kama alivyozoea kumtania alipokuwa mdogo.

"Ni binti wa Dong-pil!" akajibu Ye-dam upesi.

Lakini kwa Kikorea binti ni ttal, na herufi yake ya kwanza inataka koo likazwe. Ye-dam hakulikaza. Akasema dal, mwezi.

Binamu yake Gi-cheol akaangua kicheko. "Baba mdogo, kumbe ulizaa mwezi!"

Wote wakacheka. Myeong-suk naye akacheka. Mtoto akarudia, safari hii kwa pumzi nyingi, likatoka tal, barakoa. Gi-cheol akagaagaa sakafuni.

Mzee, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, akamgeukia mkwewe. "Mama Ye-dam, anasema nini huyu?"

"Anasema yeye ni binti wa Dong-pil, Baba."

Hapo ndipo kicheko kilipomwisha Myeong-suk. Alikuwa ametafsiri Kikorea cha mwanawe kwa Kikorea.

Jikoni, mtoto akimenya mapeasi, Myeong-suk alimsogelea. "Kaza koo, mwanangu. Ttal. Hebu sema."

Ye-dam akamjibu kwa Kiingereza, bila kuinua macho. "Si wewe ulinikataza?"

Auckland, mtoto akiomba maji kwa Kikorea, Myeong-suk alijifanya hasikii. Mara moja mtoto alianguka na baiskeli, akaja analia, goti linavuja damu, "Mama, naumia!" Naye mama akamwangalia tu, akasubiri mpaka aseme kwa Kiingereza ndipo akaenda kutafuta bandeji. Jioni hiyo alimpigia dada yake simu kujisifu: mtoto sasa hata kilio chake ni cha Kizungu.

Tangu sikukuu ile Ye-dam hakufungua tena mdomo mbele ya babu yake. Mzee alipiga simu kila Jumapili. Myeong-suk alipomnyooshea simu, mtoto alitikisa kichwa na kurudi nyuma.

"Ana mitihani, Baba," Myeong-suk alisema. Jumapili nyingine, "Amelala." Nyingine, "Katoka na wenzake."

Majira ya baridi yalipoingia, mzee alimkatiza kabla hajaanza.

"Usijisumbue, mama Ye-dam. Najua yupo hapo. Mwambie babu hahitaji maneno. Akohoe tu, nisikie."

Myeong-suk alifikisha ujumbe. Ye-dam alisimama mlangoni, ameuziba mdomo kwa viganja viwili, machozi yanamtiririka. Kisha mzee akaaga, taratibu, akakata.