Upande wa Huku wa Pazia

Kitanda cha karibu na dirisha kilikuwa kimetandikwa vizuri kupita kiasi. Shuka ilinyooshwa hadi kwenye kona zake, blanketi lilikunjwa miguuni, na mito ilipangwa kichwani kana kwamba mwenyewe ameaga na kwenda zake. Sista Akiror, muuguzi msimamizi wa wadi, alikitazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto mtundu anayejifanya amelala, kisha akageuza macho kuelekea varandani. Huko, kwenye benchi la mbao, Mama Phelister alikuwa ameketi, amejitanda leso gubigubi, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi. Nyuma yake, ng'ambo ya ua wa hospitali, malori yaliyoelekea mpakani Malaba yalikuwa yamepanga foleni, hayaendi mbele wala hayarudi nyuma.

Daktari alikuwa ameagiza kwa maneno yasiyohitaji tafsiri: moyo wa mama huyu umechoka, miguu imejaa maji, basi na akae kitandani ameegemezwa mito, asiinuke ila kwa haja isiyoepukika. Hata hivyo, juma zima kitanda chake kilikuwa kikikutwa kitupu, na uvimbe, uliokuwa umeanza kushuka, sasa ulikuwa umepanda tena hadi magotini.

"Ojiambo," Sista Akiror aliita. Hakuwa na desturi ya kupaza sauti. Aliishusha, na waliomfahamu waliogopa zaidi iliposhuka. "Mgonjwa wako yuko wapi?"

"Yuko varandani, Sista."

"Mrudishe."

Kijana alikwenda hadi mlangoni, akakomea hapo kama mtu aliyefika kwenye mto asioujua kina. Alikuwa mrefu, mwembamba, sare yake ingali na mikunjo ya dukani. Alifunga mikono nyuma, akauelekeza uso wake ukutani, na kutoka hapo akamwomba kwa sauti ya chini mama mmoja aliyekuwa akianika nguo amsaidie mgonjwa kuingia. Yeye mwenyewe akapisha, akajishughulisha na kabati ambalo halikuwa na shughuli yoyote.

Kutoka kitanda cha pili, Asio, ambaye mguu wake uliovunjika ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na mawe ya uzito, hakuweza kuuzuia ulimi wake. "Mwache mama wa watu, Sista. Akiisikia tu sauti ya huyo kijana, anakurupuka kama aliyebeba sukari ya magendo. Kwani kule kwao Sio Port hawajapata kuona mwanamume mwenye sindano?"

Wadi nzima ikacheka. Ojiambo hakucheka, na Mama Phelister, aliyekuwa akisaidiwa kupanda kitandani, aliivuta leso yake mpaka ikamfunika uso.

Sista Akiror alimwonya kijana pale pale, mbele ya wagonjwa. Alimwambia kwamba muuguzi anayetuma watu wengine wamguse mgonjwa wake ni kama mpishi anayeogopa moto. Ojiambo aliinamisha kichwa na kuitikia, "Ndiyo, Sista."

Katika wadi ile ya wanawake, wauguzi wapya walipokewa kwa namna moja tu. Sista Akiror aliwasimamisha mlangoni siku yao ya kwanza, akawaambia aliyoambiwa yeye na mtawa aliyemfunza zamani: "Ukivuka kizingiti hiki, nyumbani kwenu umekuacha nje. Humu hamna shangazi, hamna mjomba, hamna mkwe wala jirani. Mna wagonjwa." Baada ya hapo aliwaachia kazi, akawatazama kwa mbali, akangoja kuona nani atazama na nani ataelea. Aliamini kwamba kumshika mtu mkono ni kumlemaza. Ni kweli kwamba Sheilah, binti aliyekuja mwaka uliotangulia, aliondoka akilia na sasa aliuza dawa za kikohozi katika duka moja mjini Busia. Lakini Sista Akiror alikwisha kujiambia kwamba Sheilah alikuwa laini mno kwa kazi hii.

Sasa zamu ilikuwa ya Ojiambo. Matroni, mkuu wa wauguzi wote, alikuwa ametaka jibu moja tu kabla ya juma kwisha: je, kijana huyu anaweza kuachiwa wadi peke yake, au arudishwe mkoani? Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na serikali ilikuwa ikipunguza wafanyakazi kila mahali. Kurudishwa mkoani kulikuwa sawa na kufungiwa mlango na kutupiwa ufunguo ziwani. Sista Akiror alilijua hilo, na siku ile, alipoutazama uvimbe wa miguu ya Mama Phelister, alikata shauri kwamba jibu lake lingekuwa hapana.

Saa ya kuwaona wagonjwa ilipofika, aliingia mwanamke kijana, mnadhifu, amebeba kikapu. Alimlisha Mama Phelister uji kwa kijiko, akampangusa kinywa, akamwekea maji ya kunywa. Sista Akiror alipendezwa naye. Lakini alipopita nyuma ya jengo muda mfupi baadaye, alimkuta mwanamke yule yule karibu na mfereji, akimfungulia Ojiambo bakuli la samaki na ugali, naye Ojiambo akila kwa utulivu wa mtu aliyezoea mapishi hayo. Damu ilimchemka Sista. Kumbe kijana hawezi kumrudisha mgonjwa kitandani, ila jamaa za wagonjwa anawaweza.

"Dada," alisema, "chakula cha wagonjwa huliwa wadini."

Mwanamke yule alisimama, akafuta mikono kwa kitambaa, akasalimu kwa adabu. "Hiki si cha mgonjwa, Sista. Cha mama nimempa. Hiki ni cha mume wangu."

Ilipita kitambo kabla maneno hayo hayajatulia mahali pake. Mwanamke aliitwa Mourine, alikuwa mwalimu huko Sigalame, nyumbani kwa akina Ojiambo, alikoolewa mwaka jana. Na Mama Phelister ndiye mama yake mzazi.

Sista Akiror alimpeleka Ojiambo katika chumba cha dawa na kuufunga mlango. Alimwuliza, kwa sauti iliyoshuka kabisa, kwa nini hakusema.

"Ulituambia humu hamna mkwe, Sista," alijibu kijana. Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayeeleza alivyopotea njia. "Nilijaribu. Siku ya kwanza nilisogea na kipimo cha presha. Alikuwa amelala, miguu wazi, nguo ya hospitali imefunguka shingoni. Aliponiona aliteremka kitandani akakimbilia nje pekupeku. Tangu hapo kila nikianza zamu huamka, akatandika kitanda, akatoka. Nikikaribia benchi, anahama benchi. Nikaona afadhali nisimkaribie, asije akazunguka hospitali nzima akaanguka."

"Na presha yake? Nani amekuwa akiipima?"

"Asubuhi anapimwa na muuguzi wa usiku. Mchana hajapimwa."

Lilikuwa jibu baya, nalo lilikuwa la kweli. Sista Akiror aliliandaa neno la kumkata maini. Badala yake ilimjia Jumapili iliyopita, nyumbani kwake Adungosi. Alikuwa akinywa uji chini ya upenu wa jiko aliposikia kengele ya baiskeli ya Echodu, mume wa binti yake. Yeye, Sista Akiror, mwenye wadi, aliyeogopwa hata na madaktari, aliacha kibuyu pale pale, akapita nyuma ya ghala, akaingia katika shamba la mahindi na kuchuchumaa humo huku sisimizi wakimpanda vifundoni, mpaka mkwe alipomaliza chai na kuaga. Hakuona aibu. Aliona amefanya linalompasa mama mkwe kwa mila ya kwao. Na jioni yake alipiga pasi sare, akarudi kazini kuwaambia watoto wa watu kwamba hamna mkwe.

"Nenda ukamalizie chakula chako," alimwambia Ojiambo. Kijana alimtazama kama asiyesikia vizuri, kisha akatoka.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, Sista Akiror aliketi ukingoni mwa kitanda cha Mama Phelister, jambo ambalo yeye mwenyewe alilikataza. Alimweleza kwamba sasa anajua. Mgonjwa aliikunja pembe ya leso yake, akaikunjua.

"Sista," alisema mwishowe, "wewe una mkwe?"

"Ninaye."

"Amekwisha kukuona umelala?"

"Hajapata kuniona hata nikila."

"Basi, unaniuliza nini?"

"Nakuuliza kwa sababu mimi sina maji miguuni, mama."

Mama Phelister alitabasamu kidogo, na tabasamu likamletea kikohozi. Alipotulia alisema kwamba hamchukii kijana. Kama angemchukia, asingehangaika, angemwacha aone chochote. Ni kwa sababu ni mwana mwema. Alisema hata akifa, wamfunike kwanza kabla ya kumwita.

Asio, aliyekuwa amejifanya analala, alifungua jicho moja. "Nami siku zote nilidhani unaogopa sindano," alisema. "Nisamehe, mama. Lakini kukimbia kwenyewe unakujua." Safari hii Mama Phelister naye alicheka.

Walikubaliana hivi. Pazia la magurudumu, lile la kuwafichia wagonjwa wanaooshwa, lingesimama siku zote kati ya kitanda kile na wadi. Ojiambo angebisha kwa mdomo akiwa upande wa huku, angesalimu, angesema amekuja kwa kazi gani. Mikono ingekuwa ya Sista Akiror: yeye angefunga kitambaa cha presha, yeye angetia sindano, kijana angepokea maneno na kuyaandika. Mama Phelister aliongeza sharti lake mwenyewe: asipite kimya. Mkwe anayepita kimya, alisema, anatisha kuliko anayesalimu.

Kwa Ojiambo, Sista Akiror alitafuta maneno usiku kucha asiyapate, kwa kuwa hakuwa na mazoea nayo. Asubuhi alimwekea kikombe cha chai katika chumba cha dawa, akamwambia kwamba tangu siku hiyo, kabla ya kuingia wadini, atapita hapo na kumtajia jambo moja analoliogopa. Kijana alishika kikombe kwa mikono miwili, akidhani ni mtego. Kisha, kwa kuwa Sista alikuwa akingoja kweli, alisema kwamba anaogopa kutafuta mshipa kwa mtoto mchanga. Kesho yake alisema anaogopa ukimya wa mtu anayekaribia kufa, kwamba hajui aweke wapi mikono yake. Sista Akiror alimwonyesha la kwanza, kwa subira, kidole juu ya kidole. La pili alilijibu hivi: "Hata mimi." Alishangaa kulisikia likitoka kinywani mwake, na alishangaa zaidi kuona halikuiporomosha wadi.

Uvimbe ulianza kushuka tena. Kutoka nyuma ya pazia ilisikika salamu ya asubuhi na salamu ya mchana, na Asio alilalamika kwamba sasa wadi imekosa michezo. Hata hivyo, jibu kwa matroni lilikuwa bado halijatolewa. Kijana anayehitaji mikono ya mtu mwingine kwa mgonjwa mmoja, je, anaweza kuachiwa wadi? Sista Akiror aliligeuza swali hilo huku na huku, na kila upande lilikuwa na makali.

Siku moja kabla ya kutoa jibu, mchana, aliitwa wadi ya wazazi, ambako mama mmoja kutoka Adungosi alikuwa akitokwa na damu, na mkunga alikuwa peke yake. Alikwenda, akakawia. Damu ilipokoma na mtoto kulia, Sista Akiror alinawa hadi viwikoni, akarudi kwa haraka ambayo hakutaka watu waione.

Aliposhika mlango wa wadi ya wanawake, alijua kwamba kuna jambo. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Pazia lilikuwa limevutwa na kukizunguka kabisa kitanda cha dirishani, na mtungi wa oksijeni, ambao kwa kawaida ulikaa pembeni, haukuwapo mahali pake.

Asio alimwashiria asogee. "Alibanwa," alinong'ona. "Alibanwa vibaya, Sista, hata midomo ikageuka rangi. Mimi nilipiga kelele. Kijana alikuja mbio, akasimama hapo, nje ya pazia. Hapo ulipo. Akasema, 'Mama, ni mimi Ojiambo. Sista hayupo. Nakuomba ruhusa, naingia.'"

"Naye alisemaje?"

"Hakuwa na pumzi ya kusema. Lakini leso yake niliiona kupitia mwanya. Aliivuta, akajifunika uso, mkono akauacha wazi."

Sista Akiror alisogea. Chini ya pazia aliviona viatu vya kijana, vimesimama imara, visigino vimeshikana na sakafu. Alisikia sauti ya oksijeni, ile ya maji yanayochemka polepole, na pumzi ya Mama Phelister, bado nzito, lakini sasa ikiwa na nafasi kati ya moja na nyingine. Sindano ya kutoa maji mwilini, ambayo daktari alikuwa ameiandika kwa saa kama hiyo, ilikuwa imekwisha kutiwa. Alijua hivyo kwa harufu ya spiriti.

"Mikono yako ni baridi," ilisema sauti ya mgonjwa, hafifu, kupitia kitambaa.

"Niwie radhi, mama."

"Huyo Mourine hakulishi?"

"Ananilisha, mama. Usiseme sana. Pumua."

Mkono wa Sista Akiror ulikuwa umekwisha kulishika pazia. Ulikuwa ni mkono uliozoea kufungua, kurekebisha mto, kuhamisha kikombe, kusogeza mtu kando. Aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akaushusha.

"Sista, umerudi?" Ojiambo aliuliza kutoka ndani. Bila shaka naye aliviona viatu vyake.

"Nimerudi."

"Presha bado sijaipima. Ndiyo kwanza nafunga kitambaa. Utaingia?"

Malori yalikuwa yameanza kusogea barabarani, moja baada ya jingine, na vioo vya madirisha vikatetema kidogo. Sista Akiror alivuta kiti cha wageni, akakiweka upande wa huku wa pazia, akakaa.

"Pima," alisema. "Nipo."