Muhuri wa Tarehe Ishirini na Mbili

Karatasi ililetwa kazini kwake na tarishi wa Uhamiaji, mtu asiyejua hata kusalimia. Fundi mihuri aliipokea kwa mkono wenye wino, akaiweka mezani kati ya nyembe na vipande vya mpira, akamaliza kwanza herufi aliyokuwa akiichonga. Haraka ya nini? Aliyeandikwa humo alikuwa na wiki sita kaburini.

Ilikuwa karatasi ya kuachiliwa. Ilisema mkewe alitolewa mahabusu ya Uhamiaji tarehe tano, saa tatu asubuhi, akiwa mzima wa afya, na kwamba lolote lililompata baada ya hapo lilimpata njiani, si mikononi mwa serikali.

Fundi alisoma mpaka darasa la nne, akaishia hapo. Kwa kuwa muhuri huchongwa kinyume, macho yake yalizoea herufi zilizogeuka kuliko zilizosimama sawa. Maneno yale aliyapitia taratibu, kidole chini ya mstari. Lakini muhuri uliopigwa pale mwisho hakuwa na haja ya kuusoma. Aliujua kama mtu anavyojua kikohozi cha mkewe chumba cha pili. Aliuchonga yeye, na aliuchonga baada ya mkewe kufa.

Mambo yalikuwa hivi. Tarehe mosi mkewe alitoka kununua uzi, akakutana na gari la Uhamiaji. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, ila aliishi hapa miaka ishirini na sita kwa kibali. Kibali chenyewe siku hiyo kilikuwa ofisini kwao haohao, kikingoja kuongezwa muda. Mkobani alikuwa na stakabadhi waliyompa wao. Wakamwambia stakabadhi si kibali, wakampakia.

Alikuwa na ugonjwa wa sukari, hakosi sindano. Fundi akawa kila asubuhi anapeleka dawa getini, kichupa kimoja ndani ya chupa ya chai iliyotiwa barafu. Alikipeleka tarehe mbili, tatu, nne, tano na sita. Kila siku askari alipokea na kusema, "Itamfika, mzee." Tarehe sita hiyohiyo, mchana, aliitwa chumba cha maiti. Akaambiwa mama ameokotwa kando ya barabara.

Baada ya mazishi walimrudishia dawa katika mfuko wa plastiki. Vichupa vitano, vyote vimejaa, hakuna hata kimoja kilichotobolewa kizibo.

Toka hapo mwili wake ulifanya kazi bila yeye. Alikula akiwekewa chakula, alilala giza likiingia, alichonga alicholetewa. Kwa hiyo tarehe ishirini na mbili, karani wa Uhamiaji alipokuja na oda ya muhuri mpya wa ofisi, wenye umbo la yai kwa kuwa ule wa duara umepasuka, fundi hakumfukuza wala hakumtukana. Alichonga. Karani huyu watu walimwita Kalamu Mbili, kwani hakuonekana bila kalamu mbili mfukoni, na moja haikuwa ikiandika.

Sasa, serikali ina sheria yake kwa mafundi mihuri. Muhuri wa ofisi hautoki kwa fundi mpaka upigwe kwanza kwenye daftari lake, tarehe iandikwe, na anayeuchukua atie sahihi pembeni. Wamefanya hivyo ili wezi wasichongeshe mihuri ya bandia. Kalamu Mbili alitia sahihi, akaondoka na muhuri wake.

Fundi alifungua daftari akalinganisha. Umbo la yai, nyota mbili, mstari mwembamba ulioteleza kidogo chini ya nyota ya kushoto kwa sababu siku hiyo mkono haukuwa wake. Karatasi ya tarehe tano ilikuwa imepigwa muhuri uliozaliwa tarehe ishirini na mbili.

Wakubwa wetu, alijisemea, hata uongo wanautupia wadogo wauandike, na kuusoma hawausomi.

Mkewe hakuwa wa kwanza kuokotwa barabarani namna ile. Magazeti yalipiga kelele, serikali ikabanwa, ikaunda tume. Fundi alikwenda kuandikisha jina lake kuwa shahidi, akasema analo daftari. Hazikupita siku mbili, naibu mkuu wa Uhamiaji akaja mwenyewe kibandani, viatu vinang'aa, akavuta mlango.

"Mzee, pole na msiba."

"Pole yako imetembea kwa miguu, lakini imefika."

"Nasikia una daftari."

"Kila fundi analo. Ni sheria yenu."

"Daftari huungua, mzee. Hulowa. Ni karatasi tu."

"Hata kibali ni karatasi tu."

Naibu mkuu alicheka kidogo, akapangusa stuli kwa kitambaa kabla ya kukaa. "Umenifikisha mwenyewe. Kibali cha mama mkwe wako kiko mezani kwangu, huu mwezi wa nane kinangoja. Naweza kukipitisha kesho, miaka mitano mfululizo. Wewe nenda pale tume, sema tarehe huikumbuki vizuri. Mfiwa gani anakumbuka tarehe?"

"Na nikiikumbuka?"

"Sheria itafuata mkondo wake."

Fundi alimtazama akiondoka. Kisha akachukua wembe akaendelea na muhuri wa mwenye duka la vioo.

Nyumbani mama mkwe alikuwa akichambua mchele. Aliwafuata bintiye na mkwewe miaka kumi na mitatu iliyopita, akazeekea hapo. Fundi aliketi mbali kidogo, kama adabu inavyotaka kwa mkwe, akamweleza yote bila kupunguza.

"Kwa hiyo ukisahau, nabaki," alisema bibi.

"Ndiyo, mama."

"Ukikumbuka, wananitoa. Wanipeleke wapi?"

"Kwenu."

"Basi wananitisha na kwetu." Alitupa kijiwe uani. "Ila wewe, baba, nani atakupikia? Wewe maji unayaunguza."

"Nitajifunza."

"Umeshindwa miaka ishirini na sita, utajifunza leo?"

Ukweli ni kwamba alitaka bibi aseme sahau. Angesema hivyo, angesahau, na nyumba ingebaki na mtu wa kukohoa ndani yake. Bibi alichambua mchele mpaka ungo ukaisha.

"Hiyo karatasi yao," alisema mwishowe, "inasema mwanangu alitoka mzima, akawa barabarani siku nzima na usiku kucha, akashindwa kufika kwake. Kama mlevi. Kama hana mume." Aliinuka kwa kushika ukuta. "Mimi nataka iandikwe alipofia. Mengine watajua wao."

Tume ilikaa katika ukumbi wenye feni moja inayozunguka na tatu za kutazama. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mama mwenye miwani ya kamba. Wakili wa Uhamiaji alisimama.

"Mheshimiwa, shahidi ni mume wa marehemu. Ana uchungu, tunamwelewa. Lakini daftari ni lake, wino ni wake, na muhuri kauchonga yeye. Atashindwaje kujiandikia tarehe anayoipenda?"

"Ningekuwa wa kujichagulia tarehe," alisema fundi, "ningechagua mke wangu afike nyumbani."

Jaji akaagiza karani aitwe.

Kalamu Mbili alikuja amevaa shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Jaji akamsogezea daftari.

"Sahihi hii unaijua?"

Karani aliitazama. Halafu akamtazama naibu mkuu aliyekuwa safu ya mbele, naye akawa anakagua kucha zake.

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Muhuri uliuchukua lini?"

"Tarehe ishirini na mbili. Na karatasi ya kumwachilia niliiandika mimi. Niliiandika tarehe ishirini na nne. Nikaambiwa niweke tano."

"Ulipoiandika, yule mama alikuwa wapi?"

"Alishazikwa, mheshimiwa. Alifia chumba namba mbili, tarehe sita alfajiri. Alikuwa akiomba dawa."

"Nani alikwambia uweke tarehe tano?"

Karani hakusema jina. Alinyoosha mkono tu kuelekea safu ya mbele, akaurudisha haraka kama aliyeugusa moto.

Fundi alingoja kitu kimpande kifuani, furaha au hasira au hata kilio. Hakikuja. Aliona tu kwamba feni ile moja inalia, inataka mafuta.

Miezi miwili baadaye ripoti ilitoka. Tume ilieleza yaliyotokea, ikashauri taratibu ziboreshwe. Kalamu Mbili alifukuzwa kazi kwa kughushi. Naibu mkuu alihamishiwa mji mwingine, huko akawa mkuu kamili. Na siku moja tarishi yuleyule asiyesalimia alileta bahasha mbili kwa mkupuo. Fundi alifunga kibanda mapema akaenda nazo nyumbani.

"Soma," alisema bibi.

Akasoma ya kwanza. Kibali kimekataliwa, mhusika aondoke nchini ndani ya siku kumi na nne.

"Hiyo naijua. Ya pili?"

Ya pili ilikuwa cheti kipya cha kifo. Fundi aliweka kidole chini ya mstari akaanza juu kabisa, jina, umri, jinsia. Bibi alikuwa amekaa kitako, kanga mpya za safari zimekunjwa kando yake, hajazitazama.

"Mahali pa kifo," alisoma fundi, akapumzika, akaendelea, "mahabusu ya Uhamiaji, chumba namba mbili."

"Wameandika wao?"

"Wao, mama."

"Nani amefungwa?"

"Hakuna."

Bibi alipokea cheti, akakigeuza huku na huku kama kitambaa anachotaka kununua. Hakujua kusoma. Akamrudishia.

"Hii nitaondoka nayo mimi," alisema. "Kule wataniuliza alifia wapi. Wewe unazo nakala zako humo kichwani." Kisha akavuta miguu, akajiegemeza ukutani. "Nisomee tena hapo pa mahali, polepole, nipashike."

Fundi aliweka kidole chini ya mstari, akamsomea tena.