Leseni ya Baba Mkwe Wangu

Msinitajie Edmund. Nikilisikia jina hilo damu inanichemka, na uzee huu hautaki hasira. Lakini mkitaka ukweli wote, aliyempotezea baba mkwe wangu leseni si Edmund peke yake. Ni mimi, Tusekile, kwa miguu yangu hii hii.

Baba mkwe wangu, Yotamu, alikuwa dalali wa nyumba pale Mbeya. Leo nalitaja jina lake hivi hivi, zamani nisingethubutu. Kwetu sisi Wanyakyusa mwanamke hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, halitaji jina lake, hakai naye chumba kimoja. Akimwona anakuja njiani, anajitanda khanga na kukimbilia migombani. Tulikuwa Wakristo, Jumapili tunaimba, lakini hilo hatukuliacha. Kanisani yeye alikaa mbele, mimi nyuma kabisa. Miaka saba nilikaa uani kwake nikijua kikohozi chake, tumbaku yake, na kiatu chake cha kushoto kilivyokuwa kikiburuza. Sura yake sikuijua.

Kazi yake aliifanya kwa mdomo. Mtu akitaka kuuza nyumba anakuja, wanaongea, anakunywa chai, basi. Mzee anamtafutia mnunuzi. Halafu mwaka hamsini na tano likabandikwa tangazo bomani, kwenye ofisi za serikali, kwamba dalali asiye na leseni asiguse nyumba ya mtu. Ili uipate, ulete watu wawili wa kuidhamini tabia yako, uulizwe maswali ya mipaka na hati, na kila mwaka uirudishe itazamwe upya. Usiuze bila barua ya mwenye nyumba. Mtu akikushtaki unaitwa. Ukishindwa inafutwa, na huipati tena. Mzee hakukasirika hata kidogo. Alifurahi kama bwana harusi. Aliitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni, na mgeni akaonyeshwa leseni kabla hajaonyeshwa kiti.

Edmund alikuwa na nyumba ya matofali Iyunga, ila mwenyewe alishahamia Iringa, kule Mlandege, ana duka la vitambaa. Siku moja akaja kwa basi. Mimi nilikuwa jikoni, na walipoingia sebuleni nikashindwa kutoka, maana njia ilipita mbele ya mzee. Nikakaa nyuma ya ukuta wa mianzi, kimya, sufuria mapajani, nikasikia kila neno. Edmund alisema mwuzie Mwalimu Liberatus, yule anayeitaka, mpe funguo hata kesho, mimi sirudi tena. Mzee akamuuliza mara mbili kama mke wake anajua. Akasema anajua. Mzee akamwomba ile barua. Edmund akasema basi litamwacha, ataituma kutoka Iringa. Mzee akamwamini. Hapo alikosea, na simtetei.

Mwalimu akahamia. Barua haikuja. Alikuja Edmund mwenyewe, baada ya mkewe, Lea, kumjia juu kwamba nyumba ya watoto imeuzwa bila yeye kuambiwa. Badala ya kumwambia mkewe ukweli, akaenda bomani akasema hakumtuma dalali yeyote, nyumba yake imeuzwa kinyemela. Mwongo mkubwa yule.

Mzee akaitwa. Bwana Shauri, ofisa aliyesikiliza kesi, alimwambia, kwa utaratibu tu, kwamba kama barua hana basi alete shahidi aliyesikia kwa masikio yake, aje mwenyewe, aseme mbele ya mshtakiwa, yaani mbele ya mzee. Shahidi nilikuwa mimi, hakuna mwingine. Mume wangu, Asukile, niliyekuwa nimemsimulia yote, aliposikia alishika kichwa. Akaenda kumwomba karani nisikilizwe peke yangu. Karani, mtu wa Tanga, akamjibu kwamba anayeshtakiwa lazima asikie anachosemewa.

Zilibaki siku tatu. Nilimwambia Asukile siwezi. Yeye hakunilazimisha, na mzee hakuleta neno lolote. Laiti angeleta. Asubuhi ya shauri, nikiwa nachota maji, nikajiambia, wewe Tusekile, acha upumbavu, mzee wa watu anaangamia. Nikaamua nitaingia, nitajifunika uso, nitasema yote, na Mungu atanisamehe. Sikumwambia mtu yeyote. Kosa langu kubwa ndilo hilo.

Nilifika nikakuta wameshaanza. Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja. Nikasimama barazani, karani akachungulia, akaniona, akatangaza ndani kwamba shahidi amefika. Mzee hakujua nilichokiamua. Alijua tu kwamba mkamwana wake yuko nje na hawezi kuingia alipo yeye. Akaona anipishe. Akainuka kitini, hakuaga, akatoka ili mimi niingie.

Nikasikia kile kiatu. Nikainua macho, nikaona suruali yake inakuja mlangoni. Jamani, yote niliyoyapanga yakanitoka. Nikajitanda khanga nikakimbia, nikazunguka nyuma ya boma, nikachutama penye tangi la maji. Nilikimbia kama nilivyokimbia miaka yote, bila kufikiri. Na yeye akapita, akaenda mbali kabisa, hadi sokoni, ili nipate nafasi ya kusema.

Niliporudi karani alikuwa anafunga faili. Imeandikwa kwamba mshtakiwa ametoroka shahidi alipoitwa, na shahidi naye ametoroka. Leseni imefutwa. Nilimshika karani mkono, mimi ambaye sikuwahi kumshika mwanaume asiye wangu, nikamweleza kila kitu na desturi yetu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa upole, "Mama, huyu mzee alitoka kwa ajili yako?" Nikasema ndiyo. Akaniambia kuna rufaa, siku thelathini, ila lazima wote wawili tuwemo ndani.

Nilikuwa tayari. Safari hii nilimwambia Asukile waziwazi, naye akampelekea baba yake habari. Alirudi analia. "Baba anasema leseni ni karatasi. Anasema mkamwana wake hatasimamishwa mbele yake na watu wakitazama."

Tulituma wazee wa kanisa, tukamtuma mchungaji. Hakubadilika. Siku thelathini zikaisha. Akaitoa ile leseni kwenye fremu, akairudisha bomani kwa mkono wake. Watu waliendelea kuja na nyumba zao. Akawa anawarudisha, mmoja mmoja, mpaka wakaacha kuja. Akabaki na shamba la viazi. Jioni nilimsikia akikohoa sebuleni peke yake, na mimi nyuma ya ukuta naomba radhi kimoyomoyo, kwa sababu kwa mdomo haikuruhusiwa. Miaka mitatu tu, akafa.

Walipomlaza, shangazi za Asukile wakaniambia sasa naweza kumtazama. Nikaenda. Alikuwa na sura ya mume wangu, ila ya upole zaidi, na kovu dogo kidevuni ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Nikapiga magoti, nikamwita kwa jina lake, nikaanza. Edmund alikuja Jumanne, Yotamu, akakaa hapa sebuleni, akasema mwuzie mwalimu. Ukamuuliza mara mbili kama mke wake anajua. Nikasema yote, kama ambavyo ningesema bomani. Mwalimu Liberatus alikuwa analia. Nilipofika kwenye habari ya basi wakaniinua kwa mikono, wakasema imetosha, wanataka kufunga jeneza.