Ishirini na Saba, Mara ya Tano

Kwa asubuhi ya tano mfululizo, Thersandro alisimama uwanjani akatangaza kwamba leo ni siku ya ishirini na saba ya mwezi. Hakuna aliyecheka. Watu wa Melanthe walikuwa wameshazoea. Walikunywa uji wao wa shayiri, wakaamkiana kwa sauti ya chini, wakaenda zao kama watu ambao usingizi haujawatoka. Watoto watatu walikuwa wamezaliwa, kila mmoja na asubuhi yake, na wote siku moja.

Thersandro alikuwa mtunza siku wa mji, na baraza lilikuwa limemwamuru aishike tarehe hiyo asiiachie. Akiiachia, utaingia mwezi wa mungu Apolo, na mwezi huo hakuna anayegusa mkuki. Melanthe ilitaka kwanza kuyachoma mashamba ya Kardi. Miji hiyo miwili iliwahi kula kiapo cha udugu juu ya kondoo mmoja. Kisha huu ukajiunga na Sparta, ule ukajiunga na Argos, adui wa Sparta, na udugu ukaishia hapo. Mungu naye, eti, angoje mpaka wamalize.

Mkewe, Damokrita, alizaliwa Kardi. Aliletwa Melanthe akiwa bibi harusi, wakati kile kiapo kingali kibichi. Kila mwaka, siku ya kwanza ya mwezi wa Apolo, mdogo wake wa kiume, Hagia, aliteremka bila silaha hadi kwenye kijito cha mpakani, akimletea jibini la mama yao. Na jana jioni mwezi ulikuwa umeandama juu ya mialoni, mwembamba kama ukucha. Mji mzima uliuona, mji mzima ukatazama pembeni.

"Umeuona," alimwambia mumewe aliporudi kutoka uwanjani.

"Nimeona wingu."

"Usinifanye mtoto, Thersandro. Kardi leo ni mosi. Hagia yuko njiani, mikono mitupu, na jeshi letu litapita palepale kijitoni. Watamuua!"

"Sasa nifanyeje? Nikitaja mosi watanifukuza mjini."

"Mwanamume mzima, unaogopa tarehe!"

"Tarehe siiogopi, mke wangu. Nawaogopa wanaonipa ya kutaja."

Damokrita alipanda juu ya dari. Mwezi wa Apolo hutangazwa na mwanamume, lakini wanaoufungua ni wanawake, kwa vigelegele, na kigelegele hicho kikishapigwa hakuna baraza linaloweza kukirudisha. Akavuta pumzi, akapiga.

Mbwa mmoja akabweka. Halafu, kutoka nyumba ya mfinyanzi, bibi kizee asiye na meno akaitikia, akafuata jirani yake, akafuata mwingine, mpaka sauti ikauzunguka mji wote ukutani. Langoni, askari walitazamana. Mmoja akaegemeza mkuki wake ukutani, na wenzake wakafanya vivyo hivyo, polepole, nyuso zao zimelegea kwa furaha waliyoona haya kuionyesha.

"Umetumaliza, mwanamke," Thersandro alisema, akaketi chini palepale alipokuwa.

Damokrita alikwisha toka. Kijitoni ukungu ulikuwa mzito, na ng'ambo aliona mtu akija. Alimjua kwa mwendo wake. Kisha akaiona kofia ya shaba, na ngao, na nyuma yake wanaume kama arobaini.

"Hagia? Jibini liko wapi?"

"Dada, rudi nyumbani." Sauti ilikuwa yake, ila kavu. "Kwetu bado ni ishirini na sita. Leo ni mara ya sita."

Damokrita alicheka bila kupenda. Wajanja wa huku na wajanja wa kule, wote akili moja! Kisha akakumbuka kwamba mikuki ya mji wake imeegemezwa ukutani, na kicheko kikamkauka.

"Hagia!" jemadari aliita. "Wewe ndiye mwenye ndugu huko. Tangulia kuvuka."

Vigelegele vilikuwa vikisikika bado, vikielea ndani ya ukungu. Wale arobaini walitazama miguu yao. Ng'ambo ile, upande wa Melanthe, ilikuwa tayari siku ya mungu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia humo na chuma mkononi.

Hagia akavua kofia. Akalaza ngao majanini, akalaza na mkuki.

"Ukivuka hivyo," jemadari alisema, "Kardi si kwenu tena."

Akavuka. Maji yalimfika magotini. Jemadari alitaja jina la pili, kisha la tatu, na kila aliyetajwa alibaki mahali pake. Mwishowe wakageuka, ukungu ukawameza mmoja mmoja.

Damokrita alimkumbatia mdogo wake akilia kwa furaha. Yu hai, basi, hakutaka kingine. Alimshika mashavu, akamfuta unyevu wa ukungu usoni kwa ncha ya shuka yake, ndipo mkono ukasita.

"Na mama?"

Hagia alitazama ng'ambo.

"Nimemwambia nitarudi kula."