Mwaka Tuliopima Ziwa

Kwanza niseme wazi: fimbo ile ya kupimia ziwa niliipaka rangi mimi. Siyo Candide. Candide yuko Bujumbura sasa, amezeeka, anawadanganya wajukuu zake kwamba ni yeye, na siku nitakayokutana naye atanitambua. Candide alishika kopo la rangi tu, na hata hilo alilimwaga.

Ilikuwa mwaka wa sitini na nne. Uhuru ulikuwa na miaka minne na ulikwisha kuanza kutuuma. Mimi Generose nilikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa mvuvi wa Kasenga, mtaa wa Uvira, sina viatu, domo ninalo. Asubuhi tulikwenda shuleni kama watoto wote, tukakariri katekisimu na mito ya Ubelgiji. Saa nane mchana, wenzetu wakikimbilia kuogelea, sisi kumi na wawili tulikwenda kwa Mwalimu Octave, nyuma ya karakana ya seremala, kwa masomo ambayo hayakuwa kwenye ratiba ya mtu yeyote. Hakuna aliyemwagiza afundishe. Alisema zamani vyombo vya sayansi vilikaa kwenye shule ya watoto wa Wazungu, kabatini, na sisi tulionyeshwa picha ya kabati.

"Uhuru," alikuwa anatuambia, "iko kupima mwenyewe."

Basi tulipima. Tulitengeneza mizani kwa vifuniko vya makopo. Tulitengeneza dira kwa sindano ya mama yangu, na mama alipoikosa sindano yake nilipata somo lingine, la mwiko, mgongoni.

Mwaka ule ziwa lilipanda. Muulize mzee yeyote wa Uvira. Maji yaliingia nyumba za ufukweni bila kupiga hodi. Shangazi yangu alikuta ndagala, dagaa wetu, wanaogelea ndani ya sufuria lake jikoni, akakasirika kwamba wamekuja na hawakujipika. Mwalimu akatafuta mti mrefu ulionyooka, tukauchora mistari ya santimetre, nyekundu na nyeupe (mimi nilichora, nimekwisha sema), akausimika majini, ndiyo fimbo yenyewe, mbele ya nyumba kubwa ya ufukweni ambayo mwenyewe, Mzungu, alikuwa ameikimbia. Kila siku saa nane tulisoma maji yamefika mstari wa ngapi, nami nikaandika kwenye kaye, daftari letu. Kila siku ziwa liliongezeka santimetre moja. Nilikuwa na mwandiko mzuri, ndiyo sababu kaye ilikaa kwangu na Candide akanuna.

Mwezi wa tano waasi wakaingia mjini. Mkubwa wao, Komanda Léopold, akachukua ile nyumba ya ufukweni. Alikuwa mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, na alivaa koti la mvua la kike, la buluu, lenye mshipi kiunoni. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Jumatatu alitukuta pale kwenye fimbo. Akaninyang'anya kaye.

"Iko nini hii?"

"Komanda, iko hesabu ya maji," Mwalimu akajibu.

"Maji haihesabiwi!" Akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Arobaini na moya. Arobaini na mbili. Arobaini na tatu." Akamgeukia msaidizi wake. "Tuko na askari ngapi?"

"Arobaini na tatu, Komanda. Juzi walikuwa arobaini na mbili, lakini yule wa Sange alikuya jana."

"Munaona!" Komanda akapiga kelele. "Mupelelezi! Anahesabu askari zangu!"

Mtu mwingine angelia, angeomba msamaha, angesema kaye si yake. Mwalimu Octave hakuwa na kipaji hicho. Alisema kwa upole kwamba ni ziwa, na kwamba kesho litakuwa arobaini na nne, Komanda aje aone. Moyoni nilisema, Mwalimu weee, mdomo uliponza kichwa.

Kesho yake Komanda akahesabu askari: arobaini na tatu. Mwalimu akainama majini, akaisoma fimbo mbele yake: arobaini na nne. Akanirudishia kaye, tukapumua. Candide akathubutu hata kucheka. Lakini Komanda alikuwa bado anafikiri, na kufikiri kwake kulituumiza zaidi ya hasira yake.

"Mvua imekatika siku kumi," alisema. "Jua inawaka. Lakini maji inapanda, na inapanda vile huyu alisema. Kwa hiyo ni yeye anaipandisha."

"Komanda, mvua imekatika, lakini mito haijamaliza. Ruzizi bado inaleta."

"Nani anaituma?"

Mwalimu akaanza kueleza mvua za milimani. Wakamfungia kwenye stoo ya pamba. Komanda akatangaza kwamba amempa mpaka Jumapili ashushe ziwa. Akishindwa, ataletwa mbele ya mahakama ya raia, palepale ufukweni, baada ya misa. Na mahakama ile tuliijua. Wawili waliokwisha kuitwa hawakurudi kwao. Nililia njia nzima hadi Kasenga, kwa sauti, sikujali nani ananiona.

Jumatano wanawake wa Kasenga waliamua kumsaidia Mwalimu. Mama yangu, Mama Pudentienne, ndiye aliyeongoza. Kama ziwa linatakiwa lishuke, alisema, basi litashushwa. Wakaja na ndoo, na beseni, na sufuria. Wakachota maji ziwani, wakayamwaga mchangani, na maji yakarudi ziwani kabla hata mwenye ndoo hajageuka. Nilimweleza mama hilo. Nilimfanyia na hesabu, kwa kijiti, chini: ndoo ngapi, wanawake wangapi, miaka mingapi.

"Weye," akaniambia, "badala ya kuhesabu, chota."

Nikachota. Ufanye nini?

Jioni nilikwenda kwenye dirisha la stoo ya pamba. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya magunia, nywele zimejaa pamba, nusura nimwamkie kama babu.

"Generose, leo ngapi?"

"Mwalimu, hatujui. Wametukataza kuikaribia fimbo."

Hapo ndipo nilipomwona amehuzunika kwa kweli. "Siku moja ikipotea," alisema, "haipatikani tena."

"Mwalimu, watakuua Jumapili!"

"Najua. Kwa hiyo pimeni."

Nilikasirika naye hadi masikio yakawaka. Usiku mzima niligombana naye kichwani na asubuhi bado nilikuwa nampenda, na nafasi ya Jumatano kwenye kaye ilikuwa tupu. Niliitazama nikaona siwezi kumpelekea kaye yenye mapengo mtu anayengoja kufa.

Alhamisi saa nane nikaenda kwa Komanda.

"Komanda," nikasema, "watoto tumekatazwa kuikaribia fimbo. Basi nakuomba weye mwenyewe utusomee."

Alinitazama sana. Nadhani tangu atoke kalasi ya pili hakuna mtu aliyewahi kumwomba asome kitu. Akajifunga vizuri mshipi wa koti lake, akaenda ukingoni mwa baraza, mikono nyuma, akatazama chini.

"Arobaini na tano!"

Nikampa kreyo, kalamu yangu ya risasi. Akaandika mwenyewe, ulimi nje, tarakimu kubwa zilizokula mistari miwili.

Ijumaa nilimkuta ananingoja. "Umechelewa," akaniambia. Arobaini na sita. Jumamosi hakungoja hata nifungue kaye; alitangaza kabla ya kutazama. "Leo itakuwa arobaini na saba!" Akatazama: arobaini na saba. Askari wakapiga makofi. Walikuwepo wanawake wanaopita na mihogo, akawaita wasikie. "Na kesho, arobaini na nane! Nimesema minye, Léopold!"

Watu hunisifu siku hizi, eti mtoto yule alikuwa na akili, alipanga. Sikupanga kitu. Nilitaka tu kaye ijae.

Jumapili misa ilikwisha na ufuko ukajaa watu. Mwalimu akaletwa, mikono imefungwa nyuma, pamba kichwani. Komanda alikuwa amekaa barazani na askari wake wote arobaini na watatu, lakini kabla ya kufungua mahakama hakuweza kujizuia. Alisimama, akatazama fimbo, akanyoosha mikono.

"Arobaini na nane! Vile nilisema!"

Makofi. Mama yangu akajitokeza mbele, ndoo bado mkononi.

"Komanda," alisema, "kumbe ni weye."

"Ni minye nini?"

"Jana ulisema arobaini na nane, na leo iko arobaini na nane. Maji iko inalowesha godoro yangu. Nakuomba, Komanda, kwa heshima yote. Ishushe."

"Ishushe, Komanda!" shangazi akadakia, na wanawake wote nyuma yake. "Tumechoka! Ishushe!" Hawakuwa wanacheza. Wengine walikuwa wanalia kabisa. Na askari nao wakaanza kumtazama mkubwa wao kwa macho mengine. Yule msaidizi alisogea hatua moja pembeni, halafu, kwa usalama, akaongeza ya pili.

"Minye?" Komanda alianza kutoka jasho ndani ya koti. "Minye nasoma tu! Mutu anasoma fimbo, anapandishaje maji? Muko na akili kweli? Kusoma si kuleta! Hata mutoto mudogo…"

Hapo akajisikia mwenyewe.

"Ee," mama akasema taratibu. "Na Mwalimu ndivyo alivyosema."

Hadi mama yangu anafariki sikujua kama alilipanga lile. Nilimwuliza mara nyingi. Kila mara alijibu kwamba yeye alitaka godoro lake likauke, na nimwache.

Komanda alimtazama mama, akaitazama fimbo, mwisho akamtazama Mwalimu. Nilianza kusali Baba Yetu, nikasahau katikati.

"Mufungue," alisema.

Vigelegele vilipigwa, ninyi hamjawahi kuvisikia vya namna ile. Nilimkimbilia Mwalimu nikamkumbatia kiunoni, mimi na pamba yake. Watu walikuwa wanamvuta waondoke naye upesi kabla Komanda hajabadili nia. Lakini Mwalimu alikuwa amenyoosha mkono.

"Kaye iko wapi?"

Nikampa. Akasoma, na nikaona kipaji cha uso kinakunjamana. Nilikijua kipaji kile. Nilinong'ona, Mwalimu, hapana, si leo, Mwalimu, twende nyumbani.

"Komanda," akasema, "kuna kosa."

Mtu aliangusha sufuria.

"Jumanne ni arobaini na nne. Alhamisi umeandika arobaini na tano. Siku mbili, santimetre moja tu? Ulisoma ukiwa umesimama wapi?"

"Hapa," akasema Komanda. "Barazani."

"Basi. Ukiwa juu, unaona mpaka mistari iliyoko chini ya maji, unasoma pungufu. Macho inatakiwa iwe sawa na maji. Umekosea siku zote nne. Leo siyo arobaini na nane. Ni arobaini na tisa."

"Mwalimu!" mama yangu akapiga ukelele, ndoo ikamtoka. "Wamekufungua sasa hivi tu, na weye unaliongeza ziwa!"

Hakuna aliyecheka. Bunduki zilikuwa zimekwisha kuinuka. Komanda alikuwa amesimama barazani, uso umefungwa, na Mwalimu wetu chini mchangani, kaye mkononi, anangoja jibu kama anavyomngoja mwanafunzi yeyote. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kusimama mbele yake pia, na nadhani nilisimama.

Komanda alifungua mshipi, akavua koti la mvua, akampa msaidizi. Akashuka ngazi. Akaingia majini mpaka magotini, akafika kwenye fimbo, halafu mbele ya askari wake wote na mbele ya Kasenga nzima akapiga magoti, akajishusha polepole mpaka kidevu kikagusa ziwa. Wimbi likampiga mdomoni. Akalitema, akafumba jicho moja, akatazama.

"Arobaini na tisa," alisema.

Nikaandika. Yeye hakusimama upesi. Alibaki pale majini, amepiga magoti, akamwuliza Mwalimu kama kesho saa nane na yeye anaweza kuja.