Mapigo ya Kuazima

Mimi si daktari. Naanza na hilo kwa sababu watu wakiniona na koti jeupe hunisimamisha koridoni na kunifungulia vifungo vya shati wanionyeshe vipele. Mimi ni mhandisi. Miaka sita nilipiga hesabu za maji kwenye mabomba ya mji: yanakwenda kwa kasi gani, yanagonga kona ipi, bomba litapasuka wapi. Kisha hospitali kuu ikanichukua, nikapewa chumba ghorofa ya pili, kompyuta nne zinazotoa joto kama jiko, na dirisha lisilofunguka. Watu husema damu nzito kuliko maji. Ni kweli, nimeipima, lakini hesabu zake ni zilezile.

Kazi yenyewe ni hii. Mgonjwa anapigwa picha ya kichwa, na mshipa wake wa damu wenye uvimbe unatokea kwenye skrini yangu, bomba lenye kifuko ubavuni. Ndani ya kompyuta naugawa mshipa ule vipande vidogo milioni mbili, na kila kipande nakiuliza: damu inaingia kwako kwa kasi gani, inatokea wapi, inausugua ukuta kiasi gani? Kompyuta inahangaika kutwa nzima, ikimaliza inanipa rangi. Bluu ni shwari. Nyekundu ni pale ukuta unapoteswa. Daktari wa upasuaji, mtu wa vidole virefu na maneno machache, anakuja kuangalia rangi, kisha anaamua afungue fuvu la mtu au amwache aende zake nyumbani.

Ila hesabu haianzi hewani. Lazima uiambie kompyuta damu inaingia kwenye mshipa kwa mapigo gani, inavyopanda moyo unapobana na inavyoshuka unapolegea. Mapigo hayo inapasa apimwe mgonjwa mwenyewe, na hizo ni dakika ishirini na tano zaidi ndani ya mashine ya picha. Foleni ya mashine ile ilikuwa ikitoka mlangoni, inapita dirisha la dawa, inafika hadi kwenye ngazi. Kwa hiyo tukawa tunaazima. Mgonjwa ambaye hakupimwa tulimpa mapigo ya mtu mwingine, mtu mzima wa afya, yaliyohifadhiwa kwenye faili. Chini ya ripoti, kwa herufi ndogo, niliandika: mapigo ya kawaida. Hakuna aliyewahi kuniuliza huyo Kawaida ni nani.

Alikuwa kaka yangu.

Kaka alikuwa fundi wa mashine ileile ya picha. Siku tulipofungua chumba changu tulihitaji mtu wa kujaribia, akavua viatu, akalala mwenyewe ndani ya mashine huku akituambia tukiona ubongo tumpigie simu mama, maana mama alikuwa na wasiwasi huo tangu zamani. Alikuwa mkimbiaji. Moyo wake ulipiga mara hamsini na mbili kwa dakika, taratibu, bila papara, na mwisho wa kila pigo kulikuwa na kapigo kengine kadogo, kama mtu anayekumbuka jambo. Akayageuza mapigo yale yakawa sauti ya kwenye spika, ili, alisema, nisiwe mpweke mle ndani na kompyuta zangu.

Mwaka uliofuata akafa kwa homa ya siku nne. Tulimzika Jumatano. Jumatatu nikawasha kompyuta, kulikuwa na mgonjwa anasubiri, na kaka yangu akaanza kupiga kwenye spika.

Nililia hadi nikaegemea meza. Kisha nikazoea, na huko kuzoea ndiko kulikoniponza. Nikaanza kumsalimia asubuhi. Nikaweka kiti cha pili, sijui kwa ajili ya nani, na mtu akitaka kukichukua namfokea. Mama wa usafi aligoma kuingia chumba changu. Alisema mle ndani mna mtu anapumua, na yeye haoni mtu. Nilimcheka. Baadaye, nikiwa peke yangu, nilijikuta nazungumza kwa sauti ya chini kama unavyozungumza penye mtu aliyelala. Kila mgonjwa aliyeletwa, bibi, dereva, mwanajeshi, kaka yangu aliingia kichwani mwake na kutembea. Kuna siku foleni ilikuwa fupi kabisa na wale wa mashine wakaniuliza kama wapime mapigo ya mgonjwa. Nikawaambia haina haja. Sikutaka mapigo ya mtu mwingine chumbani mwangu. Hiyo ndiyo kweli, na niliijua siku ileile, nikajitia hamnazo.

Akaja mzee mmoja mstaafu wa posta. Uvimbe wake ulikuwa mdogo, rangi ikatoka bluu, nikashuka mwenyewe kumwambia mshipa wake hauna neno. Akanishika mikono yote miwili. Wiki tatu baadaye jina lake lilipita kwenye orodha ya waliofariki: mshipa umepasuka. Nililifungua faili lake, nikaliangalia, nikasema siku zake zilifika, nikalifunga.

Halafu akaletwa wifi yangu.

Mke wa kaka ni mwalimu wa hesabu, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali, na tangu siku ya harusi yake hatujawahi kukutana bila kurushiana maneno ya utani. Kichwa kilikuwa kinamuuma miezi miwili, amekaa nacho kimya kama maji mtungini. Picha ikaonyesha uvimbe wa milimita saba, ndani kabisa, chini ya ubongo. Daktari alinieleza bila kuzunguka: akimpasua anaweza kupoteza usemi au mkono wa kulia, akimwacha, na mshipa ukapasuka, tutampoteza yeye mzima. Alitaka rangi zangu kabla ya Alhamisi, siku ya miadi yake na wifi. Aliniuliza kama nitaweza, maana ni ndugu. Nikamjibu kwa ukali, kwani kuna mwingine wa kuifanya?

Sikumpima wifi mapigo yake. Sitasema nilisahau. Niliwaza, ni nani atakayemlinda kichwani mwake kuliko mume wake? Nikamtia kaka kwenye mshipa wa mkewe, na kompyuta ikafanya kazi kutwa nzima. Ikatoka bluu tupu.

Jumatano mchana wifi akapanda kuja kuona, na bunda la madaftari ya kusahihisha kwapani. Alianza kunisema kuhusu fujo ya chumba tangu mlangoni. Katikati ya sentensi akanyamaza. Spika ilikuwa wazi. Akasimama pale, madaftari yakaanza kumponyoka moja moja, hakuyaokota.

"Wifi, huyo ni nani?"

Nikaanza kumweleza habari za mapigo ya kawaida, za foleni, za wastani. Akaniinulia kiganja.

"Nimelala juu ya kifua hicho miaka tisa. Usinidanganye."

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Alivuta kile kiti cha pili, kiti nilichowanyima watu wote, akaketi, akalaza shavu juu ya meza karibu na spika, akafumba macho. Nusu saa nzima. Mimi nilisimama ukutani na, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu. Niliona kama ananinyang'anya. Kwenye skrini mshipa wake ulikuwa unazunguka taratibu, bluu, na damu ya mtu aliyekufa ikipita humo, na yeye mwenye mshipa akiisikiliza huku machozi yanatiririka hadi kwenye meza.

Alipoinuka uso wake ulikuwa umetulia, na utulivu huo ukanitia hofu kuliko kilio. Akauliza bluu maana yake nini. Nikamwambia ni shwari. Akacheka kidogo.

"Basi kaka yako ameshasema. Nisikatwe. Mwambie daktari siji kesho."

Hapo ndipo nilipozinduka. Nilishika kifundo cha mkono wake, nikahesabu nikiangalia saa ya ukutani. Tisini na sita. Nikahesabu tena. Tisini na sita, na yanapiga kwa nguvu, ya mwanamke ambaye hajalala vizuri tangu amezika mume. Kwenye skrini nilikuwa nimempa hamsini na mbili za mkimbiaji aliyelala na kutania. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na mimi nilikuwa nimemvika mtu ya marehemu, nikamwambia amependeza.

Nikamwambia hii si damu yake, ashuke akapimwe. Akakataa. Nikabembeleza, akakataa. Akasema niende zangu nimwachie mume wake. Sisi sote wawili tuna hasira za karibu, nami nikapandisha.

"Wewe mwanafunzi akinakili jibu la jirani unampa sifuri. Hili ni jibu la jirani."

"Ni la mume wangu."

"Kaka yangu alimwambia hivyohivyo mzee mmoja wa posta. Yuko salama, aende nyumbani. Huyo mzee ameshazikwa."

Sikuwahi kulisema neno hilo kwa sauti, hata peke yangu. Likakaa katikati yetu. Spika ikaendelea kupiga, taratibu, na kale kapigo kadogo mwishoni, na kwa mara ya kwanza nikayachukia mapigo yale. Nikanyoosha mkono nikazima.

Wifi akanigeukia. Akauliza kama mke wa mzee yule anajua. Nikasema hapana. Akauliza kama daktari anajua. Hapana.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, wala sikujua anasema mimi au anajisema yeye. Kisha akainama kuokota madaftari yake. "Nitaingia kwenye mashine yenu. Lakini nikitoka mzima, utakwenda kwa huyo mama. Si barua, si simu. Miguu yako."

Nikakubali.

Walimpima mchana uleule. Nilipoyapokea mapigo yake ilinibidi kwanza nimtoe kaka kwenye mshipa. Ni kitufe kimoja tu. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika, kama inavyouliza siku zote, na siku zote huwa nabonyeza bila hata kusoma. Safari hii mkono ulikataa. Wifi alikuwa nyuma yangu, bado na gauni la hospitali. Hakunihimiza. Nilipobonyeza, nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akaomba asikie ya kwake. Yalitoka mbiombio, mazito, kama mtu anayepanda ngazi huku anafukuzwa.

"Kumbe ndivyo ninavyoogopa," akasema.

Alhamisi rangi zikatoka. Juu ya kifuko, mahali ambapo kwenye skrini palikuwa padogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, damu ilikuwa inagonga ukuta kila pigo, na pale palikuwa pekundu. Nilimpelekea daktari ripoti mbili, ya bluu na ya nyekundu, nikamweleza yote, pamoja na mzee wa posta. Alizisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Aliniuliza ni wangapi tuliowarudisha nyumbani kwa mapigo ya kaka yangu. Nikamwambia thelathini na saba, mzee yumo. Akasema saini yake iko kwenye kila moja. Akasema wote waitwe wapimwe upya, kuanzia Jumanne, ila Jumatatu ni ya wifi.

Upasuaji ulichukua saa tano. Nilizihesabu kwenye benchi, na sikuwa na wa kumsalimia. Daktari alitoka na alama ya barakoa usoni, akaniambia ukuta wa kile kifuko ulikuwa mwembamba hivi kwamba aliiona damu ikizunguka ndani yake. Wifi alipozinduka, daktari alimuuliza saba mara nane ni ngapi. Akajibu hamsini na sita, kwa sauti iliyokauka, kisha akauliza kama hospitali nzima haina swali gumu kuliko hilo. Nilitoka nje ya wodi nikalia kwa furaha, waziwazi, mbele za watu.

Siku ya nne aliweza kukaa. Kichwa kimefungwa bandeji, jicho moja limevimba. Niliingia na utani wangu tayari mdomoni. Hakunipa nafasi.

"Hujaenda."

Nikaenda Jumamosi. Nyumba ilikuwa ya mwisho mtaani, ukuta wa kijani, baiskeli ya posta imeegemezwa kibarazani na magurudumu yake hayana upepo. Mama mmoja mfupi akafungua. Nikajitaja jina na mahali ninapofanya kazi, na kabla sijaendelea uso wake ukachangamka, akanishika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye yule dada wa kompyuta! Ingia, mwanangu, ingia. Alikusema sana. Siku zile tatu kichwa kilipomshika nilimwambia twende hospitali, akasema wewe mama una wasiwasi bure, yule dada ameniangalia mshipa wote, ameniambia hauna neno. Alikuamini kweli. Akala vizuri, akalala." Alikuwa anafuta kiti kwa upande wa kanga yake, kiti ambacho hakikuwa na vumbi. "Keti. Nikuletee chai au maji?"

Nikamwambia asiniletee kitu. Nikamwomba aketi yeye kwanza, nami nikabaki nimesimama.